Kazi mikononi, redio masikioni

Najua nimepotea karibu wiki tatu bila kuandika kitu, na visingizio vyangu vya kawaida (umeme, foleni, mhariri) mmeshavichoka. Safari hii kisingizio ni mhariri tena, ila ni cha kweli, na ndicho kilichozaa makala hii. Vuta kiti.

Ilikuwa Jumanne mchana. Nilikuwa mezani kwangu nachapa mahojiano niliyorekodi, iyafoni masikioni, na mahojiano yalipokwisha sikuzitoa. Nikaweka podikasti moja ndefu ya mambo ya kale, nikaendelea kuandika habari ya bei ya nyanya. Mhariri akaniita. Sikusikia. Akaniita tena. Mara ya tatu aliyeitika alikuwa mwenzangu wa meza ya michezo. Gari la ofisi lilikuwa linaondoka kwenda Mbagala ambako godauni lilikuwa linaungua, na wakati linaondoka mimi bado natikisa kichwa kukubaliana na Mwingereza ambaye hanijui. Habari ile ikaandikwa na mtu mwingine, ikatoka ukurasa wa kwanza. Mimi na nyanya zangu tukatoka ukurasa wa kumi na moja.

"Kijana, hapa umekuja kufanya kazi au kusikiliza redio?" mhariri akaniuliza mbele ya watu wote.

Sikujibu. Bosi akiuliza swali la namna hiyo hategemei jibu. Lakini swali lilipanda nami daladala, likasimama nami njia nzima, likashuka nami Tandika. Tangu lini kufanya kazi na kusikiliza vikawa vitu viwili vinavyogombana? Nani aliamua? Na kama kweli vinagombana, mbona pale ninapoishi mtu anayefanya kazi nyingi kuliko wote ndiye ambaye redio yake haizimwi?

Huyo mtu ni fundi cherehani. Nyumba ninayopanga chumba ina baraza, na barazani yuko mzee mmoja na cherehani yake ya miguu. Pembeni ya cherehani, juu ya stuli, kuna redio ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu kifuniko cha nyuma kilipotea zamani. Anashona hapo tangu 1976. Nilipofika jioni ile nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaniuliza mbona nimenuna. Nikamweleza.

Akacheka. "Mwanangu, kosa lako si kusikiliza. Kosa lako umesikiliza peke yako. Mimi nikiwa sijasikia mteja, redio inanisemea. Mteja akifika anaanza na redio kwanza, ndipo anakuja kwenye suruali."

Basi nikakaa. Haya yanayofuata ni mchanganyiko wa aliyonisimulia mzee na niliyokwenda kuyasoma mwenyewe baadaye, maana mimi nikishikwa na kitu usiku huwa silali.

Kabla ya redio, mtu aliyefanya kazi alikuwa ndiye redio yenyewe. Hilo watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa. Dari za chokaa za nyumba za mawe za Unguja na Lamu zilisimama kwa kupigwa: kundi la watu, mara nyingi wanawake, wakiwa juu na vijiti au vipande vya mbao, wanagonga chokaa kwa siku kadhaa mpaka ishikamane, na muda wote wanaimba. Ukinyamaza mpigo unapotea, na mpigo ukipotea dari inakaa vibaya. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo waliimba njiani. Hata neno "harambee", ambalo Jomo Kenyatta alilifanya kaulimbiu ya taifa Kenya ilipopata uhuru 1963, kabla ya hapo lilikuwa ukelele wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja. Vyama vya kulima vya Wasukuma navyo viliingia shambani na ngoma, na kutoka hapo ikaja bugobogobo, ambayo hadi leo huchezwa na jembe mkononi. Kuna profesa wa Kimarekani, Frank Gunderson, aliyetoa kitabu kizima mwaka 2010 kuhusu nyimbo hizo za kazi za Usukumani. Kitabu kizima! Sisi tumebaki kucheza bugobogobo harusini.

Nyimbo zile hazikuwa burudani ya kando. Zilikuwa chombo cha kazi kama jembe lenyewe. Zilipima pumzi, zilimsukuma mvivu, na mara nyingine zilimsema msimamizi kwa mafumbo mbele ya uso wake, naye asiweze kumkamata mtu kwa sababu ni wimbo tu.

Mambo yakabadilika pale kazi ilipoingia ndani ya jengo na mashine ikawa ndiyo inayopanga mwendo. Mfano ninaoupenda unatoka mbali kidogo, Havana. Mwaka 1865 wafanyakazi wa kiwanda cha sigara cha El Fígaro walianza utaratibu wa kumweka mtu akae juu ya jukwaa awasomee kwa sauti huku wao wakisokota tumbaku. Kazi ya kusokota ni ya vidole na macho. Masikio yalikuwa wazi. Msomaji alisoma magazeti na riwaya, na waliomlipa ni wafanyakazi wenyewe kwa kuchanga. Mwaka uliofuata tu serikali ya kikoloni ya Hispania ikapiga marufuku. Ikaruhusiwa, ikakatazwa tena, lakini haikufa, na ikavuka bahari na Wacuba waliohamia Tampa, Florida. Huko ilidumu mpaka 1931, wenye viwanda walipowaondoa wasomaji kwa madai kwamba wanawalisha wafanyakazi siasa za mrengo wa kushoto. Wafanyakazi wakagoma. Na mnajua mahali pa msomaji waliweka nini? Redio.

Nimesoma mstari huo mara nyingi. Mimi nilidhani redio kazini ni zawadi. Kumbe kuna mahali iliwekwa ili kumnyamazisha mtu.

Waingereza wao waliifanya sayansi. Mwaka 1937 watafiti wawili, Wyatt na Langdon, walitoa ripoti kuhusu uchovu na kuchoshwa katika kazi za kurudiarudia, wakaangalia na muziki unasaidia nini. Vita vikaja, viwanda vya silaha vikawa vinafanya kazi usiku na mchana, na tarehe 23 Juni 1940 BBC ikaanzisha kipindi kilichoitwa Music While You Work, nusu saa mara mbili kwa siku. Kilikuwa na masharti. Muziki uwe wa mwendo mmoja, usipande na kushuka sana, usiwe laini hadi ukazidiwa na mashine. Ngoma zisipigwe kwa namna ya kugonga kwa sababu kwenye kiwanda cha risasi mlio wa ghafla unawashtua watu. Wimbo mmoja wa Kimarekani, Deep in the Heart of Texas, ulikatazwa kwa sababu una mahali pa kupiga makofi, na wafanyakazi walikuwa wanaacha kazi ili wapige makofi, au wanagonga mashine kwa spana. Kipindi kikadumu hadi 1967. Huko Marekani kampuni ya Muzak ilikwenda mbali zaidi, ikauza muziki usio na maneno uliopangwa kwa robo saa, unaanza taratibu na kuongezeka kasi, kisha robo saa ya ukimya, halafu tena. Kama dozi.

Sasa turudi Dar.

Redio hapa ilianza 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, kituo kidogo cha majaribio. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na 1965 serikali ikaichukua moja kwa moja ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazazi wetu wakiitaja macho yanalegea. Makao yalikuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo tunaiita Barabara ya Nyerere, na viwanda vya Chang'ombe viko jirani tu. Unaweza kufikiri kwamba muziki ulivuka barabara ukaingia viwandani kama kule Uingereza. Mimi nilifikiri hivyo. Nikampigia baba yangu mdogo, ambaye alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kimoja cha nguo (sikitaji), nikamuuliza walikuwa wanasikiliza nyimbo gani.

"Nini?" akasema. Ilibidi nirudie. Baba mdogo simu huwa anaiweka spika, na bado anasema nini.

Akanieleza kwamba kwenye ukumbi wa vitanda vya kufumia husikii hata mtu akikupigia kelele sikioni. Walikuwa wanasemeshana kwa midomo na mikono, mtu anakusoma midomo kutoka mashine ya tatu. Akatoka pale na mafao yake na sikio moja la kulia linalofanya kazi kidogo. Redio gani? Muziki waliusikia kichwani.

Kwa hiyo hapa kwetu muziki wa kiwandani ulikuja kwa njia nyingine kabisa, na nadhani ni njia ambayo haina mfano mwingi duniani. Badala ya kiwanda kupiga muziki wa wengine kwa wafanyakazi, kiwanda kiliajiri wanamuziki. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz, ambayo jina lilibadilika kila chama kilipobadilika: JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye ikabaki na jina ambalo wote tunalijua, Msondo Ngoma. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, kilikuwa na Urafiki Jazz ya Juma Mrisho, yule Ngulimba wa Ngulimba. Shirika la mabasi la UDA lilikuwa na bendi. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa, Magereza, wote. Mlimani Park yenyewe ilianzishwa 1978 chini ya kampuni ya teksi na usafirishaji, TTTS, na 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam.

Hebu liangalie hilo. Mpiga gitaa alikuwa mfanyakazi mwenye mshahara na, gitaa likiwa mali ya mwajiri, ukihama unaliacha. Anapiga jioni kwa ajili ya watu waliofanya kazi mchana. Wimbo ukishika, bendi inakwenda RTD kurekodi, na kesho yake wimbo unarudi mtaani kupitia redio ya fundi seremala wa Keko. Mfanyakazi anamsikiliza mfanyakazi mwenzake. Havana walichanga wamlipe msomaji. Dar shirika lilimlipa mwimbaji. Tofauti ni kubwa, ndiyo, kwa sababu anayekulipa anaweza pia kukwambia uimbe nini, na nyimbo za kusifia sera zilikuwepo nyingi. Lakini watunzi wa bendi zile walijua kufumba kama wapiga dari wa Unguja. Nyimbo za mapenzi za zama zile ukizisikiliza vizuri unaanza kujiuliza huyu mpenzi aliyeahidi sana na hakutimiza ni nani hasa.

Mzee wangu wa barazani alikuwa kijana wakati huo. Kwake redio ilikuwa saa. Alikuwa hana saa ya mkono. Alijua muda wa kula kwa kipindi. "Nikisikia Salamu za Wagonjwa najua hii siku imekwenda." Alikuwa na vipindi vyake: Mazungumzo Baada ya Habari, Mama na Mwana, Pwagu na Pwaguzi. Pwagu na Pwaguzi akasema kilimharibia nguo ya mteja mara moja, alicheka mkasi ukapita. Na zilikuwepo kadi za salamu: unaandika jina lako, majina ya unaowasalimia, na ujumbe, kisha unasubiri. Alisubiri miezi kusikia jina lake. Lilipotajwa hakuwepo, alikuwa amekwenda kununua uzi Kariakoo. Mtaa mzima ulisikia isipokuwa yeye. Hadi leo anaieleza kama msiba.

Nikamuuliza kama hakuchoshwa na kituo kimoja. Akaniangalia kama nimeuliza kama hakuchoshwa na hewa.

Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na nisipolisema hili nitakuwa nimewadanganya. Kituo kimoja maana yake ni mkono mmoja kwenye kitufe. Mwaka 1969, mwaka ule ule Operesheni Vijana ya TANU ilipokuwa ikikimbizana na sketi fupi, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. James Brown akaonekana hatari kwa ujenzi wa taifa. Mashati ya kubana na suruali pana zikashonwa kwa siri na mafundi walewale ambao redio zao zilikuwa zinawaambia nguo hizo ni za kihuni. Mzee alianza kushona baadaye, lakini aliyemfundisha kazi alikuwa mmoja wao. Alikuwa anasikiliza onyo huku akipima kiuno.

Na mkono ule ule ulifanya mambo makubwa. Mwaka 1973 ulikuja mpango wa Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwenye vikundi mbele ya redio, kukiwa na kiongozi na kitabu, wakasikiliza somo la malaria, kichocho au maji machafu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo. Walioshiriki walikuwa karibu milioni mbili. Kabla yake kulikuwa na Wakati wa Furaha wa 1971, na baada yake Chakula ni Uhai wa 1975. Pale kusikiliza hakukuwa kando ya kazi. Kazi yenyewe ilitoka kwenye redio.

Kisha kuna Mkwaju. Kama umezaliwa baada ya 1990 mwulize mama. Twende na Wakati ilianza Julai 1993 kwenye RTD, mchezo wa mfululizo mara mbili kwa wiki, wakati wa jioni. Mkwaju alikuwa dereva wa lori, malaya wa barabarani, na kila mtu alijua atafia wapi ila yeye. Mchezo ulikuwa wa uzazi wa mpango na UKIMWI. Kitu ambacho wasikilizaji wengi hawakukijua ni kwamba ulikuwa pia jaribio la kisayansi: mtambo wa Dodoma haukurusha mchezo huo mpaka 1995, ili watafiti wapate eneo la kulinganisha. Dodoma walipewa vipindi vingine. Mimi nilipolisoma nilikaa kimya kidogo. Watafiti walisema mchezo ulisaidia kubadili tabia za watu. Vizuri sana. Lakini kama ulisaidia, maana yake kwa miaka miwili kuna fundi fulani Dodoma hakusikia alichosikia fundi wa Tandika, na hakuna aliyemuuliza.

Mzee naye nilipomwambia alinyamaza, akamaliza mshono, akasema, "Nina shemeji Dodoma." Hakuendelea, nami sikumchimba.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango, na 1994 Radio One ikaingia hewani, na baada yake vingine vikafuatana. Wakati huohuo mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa au yanafungwa, na bendi zao zikafa moja baada ya nyingine au zikajitegemea kwa shida. Yaani mwaka mtaa ulipopata redio nyingi ndio ulipoanza kupoteza waajiriwa wa kupiga gitaa. Bongo Fleva ikaziba pengo, na vijana wa Bongo Fleva hawakuwa na mwajiri wala mshahara. Walirekodi kwa deni na kupeleka wimbo redioni kwa miguu. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa 1999, COSOTA ikazaliwa kutokana nayo, na tangu hapo mwenye baa, basi au saluni anatakiwa kulipia muziki anaowapigia watu. Waulize saluni tano za Mwananyamala wamelipa lini. Halafu usiniambie jibu, naishi huku.

Saluni zenyewe zinastahili makala yake. Mtu anakaa saa tano akisukwa, msusi anasimama saa hizohizo tano, na redio ndiyo inayowashikilia wote wawili wasipige mayowe. Kipindi cha Leo Tena cha Clouds FM kilijengwa kwa sikio hilo: visa vya ndoa, mashoga, mama wakwe. Nimewahi kukaa kwenye saluni ya dada yangu Kinondoni kipindi kikiendelea, na wanawake saba walitoa hukumu ya kesi ya mtu wasiyemjua kabla mtangazaji hajamaliza kusoma.

Na sasa ndipo tunapofika kwenye masikio yangu. Sony walitoa Walkman 1979, na kwa mara ya kwanza mtu angeweza kutembea na muziki wake bila jirani kujua ni upi. Kwetu ilichukua muda. Kaseti ilibaki kitu cha spika kubwa, na baadaye ukaja wakati wa vibanda vya "tunaingiza nyimbo", unampa kijana simu yako na memori kadi, anakujazia nyimbo za watu wote bila wao kupata senti. Mzee ana memori kadi moja mpaka leo. Ina Sikinde, Msondo, Franco, na kwa sababu zisizojulikana, wimbo mmoja wa Céline Dion.

Neno la podcast, ambalo hapa tunaliita podikasti, lilitokea 2004, mwandishi wa Guardian, Ben Hammersley, akijaribu majina kadhaa ya kitu ambacho bado hakikuwa na jina. Uzuri wake ni kwamba mkono kwenye kitufe ukawa wangu. Hakuna aliyeamua kwamba Jumanne ile nisikilize mambo ya kale. Lakini msidhani mikono ile mingine ilikata tamaa. Mwaka 2018 zilikuja kanuni za maudhui mtandaoni, blogu na redio za mtandaoni zikatakiwa leseni, na ukijumlisha ada zote unafika takriban milioni mbili. Baadaye ada zilipunguzwa. Lakini najua waliofunga mwaka ule na hawakurudi, na baadhi yao waliandika Kiswahili kizuri kuliko changu.

Kuhusu swali la mhariri, kama mtu anaweza kusikiliza na kufanya kazi, wanasayansi wana jibu ambalo halinifurahishi. Mwaka 1982 Salamé na Baddeley walionyesha kwamba maneno yanayosikika pembeni yanavuruga kumbukumbu ya muda mfupi hata kama mtu ameambiwa asiyajali. Watafiti wengine walipata kitu kama hicho hata kwa lugha ambayo msikilizaji haielewi. Yaani Kilingala hakikuokoi. Mtu anayeandika anatumia maneno, na maneno ya nje yanapigania mlango uleule. Fundi anatumia mikono na macho. Mlango wa masikio uko wazi kama wa msokota sigara wa Havana. Kwa hiyo mhariri alikuwa na haki nusu. Habari yangu ya nyanya ilikuwa mbaya, nimeirudia kuisoma: sentensi moja imerudiwa mara mbili.

Hata hivyo nadhani mzee ndiye aliyegusa palipouma. Juzi nikafanya jaribio langu mwenyewe, bila Dodoma. Nikashuka barazani na simu, nikachagua podikasti ya Kiswahili ya mazungumzo, nikatoa iyafoni, nikaiweka simu ndani ya bakuli la bati ili sauti ivume. Mzee akasikiliza dakika kumi akishona sare ya shule. Mgeni wa kipindi alikuwa anaeleza alivyoacha kazi ya benki akaanzisha biashara.

"Anaongea muda mrefu," mzee akasema. "Hapigi wimbo?"

"Hapana mzee, ni mazungumzo tu."

"Huyu mtangazaji, nikimwandikia salamu atasoma?"

Nikamweleza kwamba kipindi kilirekodiwa miezi minne iliyopita. Akasimamisha mguu kwenye pedali. "Kwa hiyo huyu hayupo sasa hivi."

Mama muuza vitumbua akawa amefika, akasikiliza kidogo, akasema huyo kaka wa benki muongo, mtaji wa namna hiyo haupatikani kwa kiinua mgongo, na dereva bajaji aliyekuja kuziba suruali akambishia. Wakabishana kupita mwisho wa kipindi. Hakuna aliyegundua kwamba simu imezima. Ilikuwa na asilimia sita nilipoiweka, na umeme ulikatika tangu saa tisa.

Mzee akalegeza mpira wa baiskeli, akabonyeza betri zikae sawa, akageuza kitufe taratibu mpaka mkwaruzo ukaisha na sauti ya taarifa ya habari ikatoka. Akarudi kwenye sare. Dereva bajaji akauliza suruali itakuwa tayari lini, akaambiwa subiri kwanza tusikie.